Nusu Kikombe cha Mzee Halake

Ninyi mnaoingia wodini sasa, mtasikia habari zangu kabla hamjasoma haya. Mtaambiwa kuna bibi mmoja wa hapa Isiolo, Sista Kabale, aliyekuwa akishuku mpaka kivuli chake. Ni kweli. Wajukuu wangu wananiita Polisi. Nikienda kununua maziwa ya ngamia nanusa kila dumu, halafu narudi kunusa lile nililochagua, na mama anayeniuzia ameshazoea, siku hizi ananiletea kiti. Nimestaafu, lakini kushuku hakukustaafu pamoja nami.

Nilikuwa muuguzi miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilihudumia wagonjwa wenye maumivu makali, wale ambao ugonjwa wao hautapona lakini uchungu wao unaweza kutulizwa. Dawa zetu zilikuwa za ukoo wa afyuni: kodeini, tramadoli, mofini ya maji ya kunywa, na baadaye plasta za fentanili zinazobandikwa kwenye ngozi. Nataka kuwaeleza jambo moja tu la kazi hiyo, nalo ni kumtoa mgonjwa kwenye dawa moja kati ya hizo na kumhamishia nyingine. Wengi hudhani jambo hilo ni hesabu. Hesabu ipo, lakini ndiyo sehemu rahisi.

Aliyenifundisha hesabu alikuwa mfamasia, Bwana Riungu, Mmeru mfupi aliyevaa sweta mwaka mzima, hata jua letu likiwa limekolea mpaka mbwa hawabweki. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Kabale, hizi dawa ni ndugu, lakini si mapacha." Maana yake, miligramu kumi za huyu si miligramu kumi za yule. Mofini ya sindano ina nguvu mara mbili au tatu kuliko ile ya kunywa. Fentanili hata haipimwi kwa miligramu, ni kali mno, inapimwa kwa vipande vidogo zaidi, mikrogramu. Kwa hiyo unajumlisha kwanza dawa yote ambayo mgonjwa ameitumia mchana na usiku, unaangalia jedwali, unapata kiasi cha dawa mpya. Halafu, na hapa ndipo vijana hukimbia, unapunguza. Robo, wakati mwingine nusu, hasa kwa mzee au mtu aliyekonda. Mwili uliomzoea kaka bado haujamzoea dada.

Tulikuwa tukihesabu tumepeana migongo, kila mtu na karatasi yake. Majibu yakitofautiana, tulitafuta kosa. Yakilingana upesi, Riungu ndipo aliponuna. "Tumekubaliana haraka sana. Labda tumekosea pamoja." Basi tulikunywa chai tukaanza upya. Nilimwona ni mzee msumbufu, mpaka siku moja tukiwa kwenye chai hiyo aliinua chupa yenyewe akaigeuza kwenye mwanga. Sote wawili tulikuwa tumehesabu kwa ile mofini nyepesi, na mkononi alikuwa ameshika ile nzito, yenye nguvu mara kumi. Migongo tulikuwa tumepeana, lakini macho yote manne hayakuwa yamesoma chupa. Tangu siku hiyo sijawahi kumcheka tena.

Kutoka kwake nilijifunza kuuliza maswali ya kipolisi. Mtu wa Garbatulla akiniambia mama yake anapewa kijiko kimoja, namwambia kilete hicho kijiko. Mmoja alikileta, na ulikuwa upawa wa mchuzi. Nikamuuliza anaujaza mpaka wapi. Akanionyesha kwa ukucha, chini kabisa ndani ya upawa, "Mpaka hapa, Sista, mimi siko mjinga." Nilimimina maji mpaka hapo nikapima, na kweli alikuwa sahihi kuliko wauguzi wawili ninaowajua. Hata hivyo nilimpa bomba la sindano lisilo na sindano, nikamfanya avute maji mbele yangu mara tano kabla sijamruhusu aondoke.

Lakini msidhani nilizaliwa na macho haya. Kulikuwa na mama mmoja wa Gotu, mwenye saratani ya titi, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali ya mbali akiwa na plasta begani. Plasta hizo hazikupatikana kwetu wakati ule, kwa hiyo ilibidi tumrudishe kwenye mofini ya kunywa. Nilihesabu vizuri, nikapunguza kama nilivyofundishwa, nikaibandua plasta, na baada ya dakika chache nikampa kikombe cha kwanza. Nilifanya hivyo kwa furaha kabisa, nikaenda kuandika faili. Sikujua kwamba plasta ukiibandua, dawa iliyokwisha kuingia chini ya ngozi inaendelea kutoka polepole, nusu siku na zaidi. Nilikuwa nimempa dawa juu ya dawa. Binti yake alikuja kuniambia mama amelala vizuri leo, hata hakoromi. Neno hilo "hata hakoromi" lilinifanya niache kalamu nikakimbia. Nilipomfikia nilihesabu pumzi sita kwa dakika moja nzima, na midomo ilikuwa imebadilika rangi. Riungu alikuwa amelazimisha naloksoni iwekwe kwenye kabati letu, ile dawa ya kumrudisha mtu, ingawa wakubwa walisema hatutaihitaji kamwe. Tulimrudisha. Alifungua macho akalia kwa maumivu, nami nikalia pamoja naye, na sikuona aibu. Tangu hapo nilianza kushuku kila kitu, nikianza na mimi mwenyewe.

Sasa niwapeleke Kulamawe, kwa Mzee Halake, maana ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Mzee Halake alikuwa na saratani ya koo. Alikuwa mfugaji wa ngamia, mrefu, mwenye sauti ya chini, na aliuguzwa nyumbani na binti yake mmoja, Talaso. Talaso alikuwa amerudi kwa baba yake baada ya mama kufariki, akawa ndiye mpishi, ndiye mchunga mbuzi, ndiye muuguzi. Mzee alikuwa akinywa mofini ile nyepesi, yenye miligramu moja kwa kila mililita, mililita ishirini kwenye kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na akienda kulala vikombe viwili ili usingizi usikatizwe. Jumla miligramu mia na ishirini mchana na usiku. Talaso aliandika kila kikombe kwenye daftari la shule, kwa mwandiko mzuri, bila kuruka hata siku moja.

Kadiri wiki zilivyopita koo lilizidi kuziba, na maumivu hayakutulia. Afisa wetu wa kliniki, kijana aitwaye Mutuma, aliamua tumhamishie plasta. Uamuzi ulikuwa mzuri. Mutuma alikuwa mwerevu, mwenye adabu, na alikuwa na simu inayofanya hesabu yenyewe: unaandika dawa ya zamani, kiasi, dawa mpya, unabonyeza, jibu hili hapa. Alinionyesha njiani tukienda. Jibu lilikuwa plasta ya mikrogramu hamsini kwa saa. Nilifanya kwa karatasi juu ya goti, gari likiruka mashimo, nami nikapata hamsini. Nikamwambia neno la Riungu, kwamba tumekubaliana haraka sana. Alicheka kwa heshima.

Tulifika asubuhi, jua bado halijakaa vibaya. Talaso alitupokea mlangoni.

"Salaam aleikum, Sista. Daktari, karibu. Abba hakulala jana, maumivu imemshika hapa mpaka kwa mgongo."

"Dawa anakunywa?" nikauliza.

"Anakunywa. Mimi mwenyewe nampea. Daftari hii hapa."

Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha ngozi chini ya kibanda cha makuti ya mkoma, na pembeni yake, kwenye mkeka, alikuwa ameketi mzee mwenzake, Mzee Wario, rafiki yake wa rika moja. Tangu Halake augue, Wario alikuwa amehamia pale kumpa kampani, alilala pale na kula pale, na wanakijiji walimsifu kwa hilo. Nilimsalimu kwa haraka nikamwinamia mgonjwa.

Hapo ndipo damu yangu ya kipolisi ilipoamka. Nilimwangalia macho. Mtu anayekunywa mofini kiasi hicho kila siku, mboni zake husinyaa zikawa ndogo kama kichwa cha pini, hata kivulini. Mboni za Halake zilikuwa zimesinyaa kidogo tu. Nilimuuliza habari za choo, maana mofini hufunga tumbo, na dawa yake ya kulainisha choo ilikuwa imeisha siku nyingi. Akasema anakwenda kila siku asubuhi, hana shida. Nikahesabu pumzi: ishirini. Mikono yake ilikuwa ikikaza na kulegea kwenye ukingo wa kitanda. Mwili wote ule ulikuwa unakanusha daftari.

Mutuma alikuwa amekwisha toa plasta kwenye bahasha. Alikuwa ameosha mahali pa kubandika, chini ya bega, na ameshika ukingo wa ile karatasi ya nyuma tayari kuivuta.

"Ngoja," nikasema.

"Sista, mzee anaumia."

"Naona. Ngoja hivyo hivyo."

Nilisimama nikamwita Talaso nyuma ya kibanda, ambapo nilidhani hatusikiki. Sasa niwaambie nilichokuwa nikiwaza, nisijipambe. Nilikuwa nimesikia uvumi mjini kwamba kuna watu wanaotafuta dawa zetu. Nilikuwa nimeona mfuko umefungwa vizuri karibu na mlango. Nilikuwa nimeona daftari lisilo na doa, na mimi daftari lisilo na doa hunitia wasiwasi. Nikaviunganisha.

"Talaso, baba yako hanywi dawa hii. Inakwenda wapi?"

Hakuelewa mwanzoni. "Inakwenda wapi aje? Inakwenda kwa Abba."

"Macho yake yanasema vingine. Usinidanganye. Wewe ndiye unashika chupa, hakuna mwingine. Unampelekea nani?"

Aliingia ndani akatoka na ule mfuko, akaufungua mbele yangu akamwaga kila kitu chini kwenye mchanga. Zilikuwa shuka za baba yake, zenye matapishi, na kipande cha sabuni. Alikuwa anangoja tuondoke ndipo aende kufua.

"Tafuta," akasema. "Tafuta na kwa nyumba."

Nami, vijana, sikuomba radhi. Nilisema, "Lazima niulize, ni kazi yangu," nikarudi kwa mgonjwa kana kwamba nimesema neno la maana. Kwa moyo wangu niliamini bado ni yeye, na kwamba ameificha vizuri zaidi ya nilivyotarajia.

Niliporudi, Mutuma alikuwa bado ameshikilia plasta yake. Mzee Wario alikuwa amesinzia pale alipoketi. Kichwa kilikuwa kikishuka taratibu, kinainuka, kinashuka. Saa nne ilikuwa haijapita sana, na kikombe chake kilikuwa kimenywewa kabla hatujafika. Alijikuna pua, akajikuna shingo, akafungua macho akaniona, akatabasamu kwa upole wa mtu asiye na deni na dunia.

"Sista," akaniambia, "wewe huna dawa ya kufungua tumbo? Mimi siku ya nne hii, hakuna kitu."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimshika kidevu, nikamgeuzia uso kwenye mwanga. Mboni zake mbili zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

Nilikuwa bado nimemshika kidevu wakati Mzee Halake alipozungumza kutoka kitandani, kwa Kiborana, kwa ile sauti iliyokuwa karibu kukatika. Kila neno lilimgharimu.

"Mwache binti yangu. Nimesikia ulichomwambia. Yeye ananipa kikombe, ananitakia afya, anarudi kwa mbuzi. Mimi nakunywa nusu, Wario anakunywa nusu. Nyonga yake ilivunjwa na ngamia miaka mingi, na baridi ya asubuhi inamuua. Tulichunga pamoja tukiwa watoto. Tulioa mwaka mmoja. Ningewezaje kunywa peke yangu na yeye ameketi ananitazama?"

Mutuma, asiyejua Kiborana, aliniuliza, "Amesema nini?"

Mimi ni Mborana. Baba yangu alikuwa akimiminiwa chai, na kama mtu wa rika lake yuko anakuja, hata kama bado yuko mbali kule kwenye boma la jirani, chai ingepoa mpaka ifanye utando, na baba asingeigusa mpaka mwenzake aketi wagawane. Mtu wa rika lako halii njaa mbele yako wewe ukitafuna. Nilinyonya jambo hilo pamoja na maziwa. Na katika miaka yangu yote ya kuuliza maswali ya kipolisi, kijiko gani, chupa gani, saa ngapi, sikuwahi hata mara moja kumuuliza mzee wa Kiborana: ukiinywa dawa, ni nani ameketi karibu? Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya uzito, ya umri, ya dawa zinazomdhuru. Nafasi ya Wario haikuwepo.

Nilimtafsiria Mutuma. Alibaki ameshika plasta kwa vidole viwili, mbali na mwili wake. Halafu aliirudisha kwenye bahasha na kuketi chini mchangani akiwa na koti lake jeupe.

"Angekufa," akasema. "Sista, mimi ningemuua. Hesabu ilikuwa sawa kabisa."

Hesabu ilikuwa sawa, ndiyo. Simu ilikuwa sahihi, karatasi yangu ilikuwa sahihi, daftari la Talaso lilikuwa sahihi, maana kweli alimimina mia na ishirini. Kilichoingia kwenye koo la Halake kilikuwa sitini, na sitini zile zile zilizomsinzisha Wario hazikufua dafu kwa maumivu ya saratani. Tungembandika mzee mifupa mitupu dawa ya maradufu, ambayo haiondoki ukiibandua, halafu tungepanda gari tukaondoka. Na mnajua joto la Kulamawe. Ngozi ikipata joto, plasta hutoa dawa kwa kasi zaidi. Ndiyo sababu mgonjwa wa plasta haruhusiwi kuota moto wala kulala juani. Angekuwa amelala kabla ya alasiri, Talaso angefurahi baba amepata usingizi, na hakuna mtu angemwamsha.

Mutuma, akiwa bado chini, akasema, "Tuikate katikati basi. Nusu plasta."

"Plasta haikatwi," nikamwambia. "Zipo ambazo ukizikata dawa yote inamwagika kwa mara moja, na mimi sitaki kujua kama hii ni mojawapo kwa kumjaribia mzee huyu."

Tulipeana migongo tukahesabu upya kwa sitini, tena na tena, mpaka Mutuma mwenyewe akaanza kusema tumekubaliana haraka sana. Plasta ndogo hatukuwa nayo garini. Tulirudi nayo siku iliyofuata. Siku ile tulimwacha Halake na mofini yake ya maji, na hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndipo mwingine angekosea mara ya pili: hatukusema basi sasa kunywa kikombe kizima peke yako. Mwili wake ulikuwa umezoea nusu. Kikombe kizima kingekuwa kumrusha ghafla maradufu, kosa lile lile kwa njia nyingine. Tulianza na nusu yake, tukaongeza kidogo, Talaso akiketi mbele yake mpaka ameze. Tulipobandika plasta ndogo, tulimwendelezea mofini ya kunywa karibu nusu siku zaidi, kwa sababu plasta huanza kazi polepole kama punda wa mlima. Baada ya hapo alibaki na matone ya mofini ya akiba ya kuweka mdomoni maumivu yakichomoza, na Talaso aliandika kila tone.

Kwa habari ya Wario, Mutuma alitaka apelekwe kwa chifu. Alikuwa amekasirika, na nadhani hasira ile ilikuwa hofu yake mwenyewe inayotafuta mahali pa kwenda. Nilimwambia huyu si mwizi, huyu ni mgonjwa wa pili ambaye hatukuwa tumemfungulia faili. Alikuwa anakunywa sitini kila siku bila sisi kujua. Tungemkatia ghafla angetapika, angeharisha, angetetemeka, na mifupa yote ingemuuma pamoja na ile nyonga. Tulimfungulia faili. Alipigwa picha ya nyonga, akapewa dawa za kufaa, na mofini tukaishusha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Alipopewa kikombe chake mwenyewe kwa mara ya kwanza alikizungusha mkononi kwa muda mrefu. "Ya kunywa peke yangu?" akauliza. "Hii itakuwa chungu."

Siku hizi nasikia kuna simu zinazohesabu vizuri zaidi ya ile ya Mutuma, zinakuuliza mpaka hali ya figo. Zitumieni, sina ugomvi nazo. Lakini kabla hujaandika namba ya kwanza, kaa na mgonjwa wakati wa kunywa dawa. Usiulize, kaa. Angalia macho yake, uliza choo chake, na ukishamaliza naye, waangalie macho wote walioketi kwenye mkeka. Pia mkumbuke kwamba wanaume wetu wengine hawasemi maumivu mbele ya mkwe, wala mbele ya mtoto wa kiume, na mfungaji wa Ramadhani anaweza kukuambia amekunywa ya mchana kumbe amekwepa, ili usimgombeze. Shukuni kila kitu. Lakini nina neno moja zaidi juu ya kushuku, na hili Riungu hakunifundisha.

Mzee Halake aliishi wiki chache baada ya hapo. Maumivu yalitulia. Alilala, aliamka, aliongea na watu wake, alisali kwa kuashiria kwa kichwa. Alifariki nyumbani akiwa ametulia, na hicho ndicho tulichokuwa tumekwenda kumtafutia.

Baada ya siku za msiba Talaso alikuja ofisini kwangu mjini. Sheria yetu ilikuwa kwamba dawa iliyobaki irudishwe. Aliweka mezani chupa, plasta mpya zilizobaki, na zile zilizotumika, zimekunjwa upande wenye gundi ukiwa ndani, kama nilivyomfundisha. Akaketi.

"Talaso, pole sana kwa Abba. Kwanza nilitaka kukwambia..."

"Pima, Sista."

"Tutapima. Lakini..."

"Pima kwanza. Mimi nitangoja."

Nilipima. Nilihesabu plasta moja moja, nikamimina dawa kwenye chombo cha mistari nikainama niisome usawa wa macho, kisha nikafungua daftari lake. Haikupungua hata tone. Niliandika, nikatia sahihi, naye akatia yake. Ndipo nikamwambia nilichokuwa nimekibeba tangu siku ile: kwamba nilimkosea, kwamba nilimwita mwizi ilhali yeye ndiye peke yake katika nyumba ile, na sisi tukiwemo, ambaye alifanya kila kitu sawa.

Alikuwa anajifunga mtandio ili aondoke. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo.

"Kushuku ni kazi yako, mimi sina neno," akasema. "Lakini Abba alisikia. Tangu hiyo siku, kila nikimpea dawa alikuwa lazima aite mtu. Jirani, mgeni, mtu yoyote anapita. Anameza, halafu anafungua mdomo waone. Anawaambia, muone, Talaso amenipea yote."

Alichukua mfuko wake.

"Ile siku ya mwisho sauti ilikuwa imeisha, Sista. Alifungua mdomo tu, na hakukuwa na mtu hapo isipokuwa mimi."